Sinia la Watoto wa Josiane

Josiane alifika shambani kwa Bonifasia, kijijini Kanazi, Ngara, na watoto wake wanne, mmoja wao akiwa hai. Ilikuwa asubuhi ya palizi ya maharage, mwaka wa tisini na nne, umande haujakauka, na Bonifasia alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akibangua karanga. Wakimbizi wengi wa Burundi walitoka kambini kuja kulima vibarua wapate mkungu wa ndizi, kwa hiyo mwanamke mgeni mwenye jembe la kuazima hakuwa kioja. Bonifasia alimtazama viganja, akaona ni vya mkulima, akamwonyesha pa kuanzia.

Aliyekuwa hai ni Kaneza, naye alikuwa mgongoni. Wale watatu walimfuata mama yao kwa mstari, mkubwa mbele, wakaketi chini ya mgomba bila kugusa kitu. Mkubwa aliitwa Felisiani, wa pili Iradukunda, wa tatu Habonimana. Wote walikuwa wamekufa katika safari ile, mkubwa njiani, wadogo mpakani, siku walizokaa wakisubiri kuandikishwa ili wapewe chakula. Walimwamkia Bonifasia kwa Kirundi, ambacho Mhangaza kama yeye hukisikia bila mkalimani, naye akaitikia. Watoto hawa wamelelewa, aliwaza, akaendelea na karanga zake.

Aliyemtia ubaridi ni yule hai. Nywele zilikuwa zimepauka na kunyooka, mbavu zote nje, na mkono mwembamba kuliko mpini wa mwiko. Alikuwa na miaka mitatu na hakuwa na nguvu hata ya kulia. Bonifasia alilea watoto sita, wakaoa na kuolewa hadi Bugarama, hakuzika hata mmoja, na jambo hilo alilihesabu kuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Majirani walimwambia ni bahati. Aliwajibu kwamba bahati haipiki.

"Huyu mtoto anakula nini?" aliuliza.

"Anakula, mama," Josiane alijibu, macho chini. "Nikimpa anakula. Hanenepi tu."

Mchana Bonifasia alipakua ndizi na maharage kwenye sinia, akawawekea. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake lilikuwa la malezi. Kwao, marehemu alitupiwa tonge moja kwa heshima, na asubuhi tonge lilikutwa limeliwa na kuku. Alijua wafu ni watu wa kula harufu. Kwa hiyo alipakua chakula cha mtoto mmoja, akaingia ndani kutafuta chumvi. Aliporudi sinia lilikuwa jeupe, wale watatu wanafuta midomo, na Kaneza analamba kidole ambacho hakikuwa na kitu. Wafu hawa hawakuwa wa kula harufu.

Siku ya kupima uzito Bonifasia alifuatana na Josiane hadi kwenye hema la lishe kambini. Aliyepima alikuwa nesi Shamsia, binti wa wafanyabiashara wa Ngara mjini, aliyesema Kiswahili cha babu zake wa pwani ingawa pwani yenyewe alikuwa hajaiona. Alimtia Kaneza kwenye suruali ya turubai ya kupimia, akamning'iniza kwenye mizani, akakunja uso.

"Nyie watatu, toeni mikono," alisema. "Mkimvuta mdogo wenu miguu, kipimo kinanidanganya."

Waliachia kwa aibu. Walikuwa wakitaka aonekane mzito. Mshale, ambao hushuka kwa uzito, ukapanda juu kidogo ukasimama mahali ambapo Shamsia hakupenda usimame.

"Mama, sitakuficha," alimwambia Bonifasia, maana aliona nani mwenye jiko. "Mvua zikimkuta hivi, kikohozi kitamchukua. Uji wetu hapa ni kikombe kimoja, na hicho kikombe nakiona kinavyokwenda. Mpe uji mzito, usiwe wa maji. Tia karanga za kusaga, tia mafuta. Ndizi mbivu, dagaa waliotwangwa, yai, maziwa ukiwa nayo. Kidogo kidogo, lakini mara nyingi, tumbo lake ni kama ngumi. Na ukiweza, mlishe peke yake."

Bonifasia alisikia yote, na la mwisho akalishika zaidi kuliko yote. Aliomba Josiane amwachie mtoto mchana kutwa, awe anamchukua jioni. Kesho yake alikoroga uji wa ulezi, akatia karanga na maziwa ya mbuzi mpaka mwiko ukasimama, akaingia ndani na Kaneza, akafunga mlango kwa komeo. Nje, ndugu za mtoto walikaa mlangoni kungoja.

Kaneza aliufumba mdomo. Bonifasia aliimba, akabembeleza, akaonja mwenyewe na kusifu, akatisha, akaapa. Mtoto alitazama mlango. Uji ukapoa, ukaganda. Kwa mara ya kwanza tangu awe mama, Bonifasia alishindwa kumlisha mtoto, akalia kwa hasira, akafungua mlango na kumfuata Felisiani.

"Wewe ndiye mkubwa. Huna huruma? Mdogo wako anakwisha nawe unamaliza sinia!"

Felisiani alisimama, kama mtoto anavyopaswa kusimama akisemeshwa na mtu mzima.

"Si uroho, bibi. Njiani tulikuwa tukila mihogo ya kuokota, mingine michungu. Mama akasema mkubwa aonje kwanza, wadogo wasubiri. Basi hawali mpaka nianze."

"Na ukianza?"

"Nikianza nashindwa kuacha."

"Wewe ulionja mhogo mchungu?"

"Wa mwisho," alisema Felisiani. "Wadogo hawakuugusa."

Alilisema kwa kiburi kidogo, kama mtoto anayetaja kazi aliyoimaliza vizuri. Bonifasia alimshika kichwa, akamvutia kwenye khanga yake, na hakumgombeza tena tangu siku ile.

Jioni alimweleza mumewe. Matiasi alikuwa mtu mwema ila mwepesi wa kulalamika.

"Kwa hiyo tulishe na makaburi," alisema.

"Tutalisha watoto. Kaneza hatakula mpaka ndugu zake washibe. Basi washibe."

"Mfu anashiba?"

"Hakuna aliyejaribu kumshibisha," alisema Bonifasia. "Wote mnatupa tonge moja."

Akashusha chungu kikubwa. Tangu hapo jiko lile halikuzimwa. Alfajiri ulikuwa uji wa ulezi na karanga, na jua likipanda ndizi mbivu za kuponda. Mchana ndizi na maharage yaliyoungwa kwa mafuta, mchicha, na dagaa waliokuja kwa gari kutoka Biharamulo, ambao Bonifasia aliwatwanga mpaka wakawa vumbi. Alasiri yai, na jioni viazi na maziwa. Majirani walisema ameingiliwa na wazimu, kisha wakaanza kuleta maboga. Matiasi alilalamika kila siku, na kila siku alikamua mbuzi mwenyewe, maana alidai mkewe anamkamua vibaya.

Felisiani alionja, akala, na wadogo zake wakala. Chungu cha kwanza walikimaliza, na cha pili. Ilichukua siku kadhaa kabla ya jambo ambalo Bonifasia alilitazama akiwa ameshika upawa: Felisiani alichota tonge, akalitazama, akalirudisha kwenye sinia. Akacheua, akaomba radhi. Iradukunda akasukuma mkono wa Habonimana kwa mchezo. Kaneza akanyoosha kiganja, akala, akala tena, akaomba maji, akala. Bonifasia alienda nyuma ya nyumba akapiga kigelegele kimoja peke yake, kisha akarudi na uso wa kawaida ili asije akamtia mtoto kijicho.

Haba na haba hujaza kibaba. Nywele za Kaneza zikaanza kuota nyeusi kwenye mizizi. Akaanza kulia, kilio cha haki, cha kuudhi, na nyumba nzima ikafurahi. Akaiba karanga. Wale watatu nao walinenepa, kwa maana chakula ni chakula. Felisiani alitoka mashavu, na Habonimana akawa na kitambi kilichomfanya Matiasi amwite mwenyekiti. Hata hivyo hawakupumua. Kunenepa kulikuwa kumechelewa, na Bonifasia, aliyeweza mengi kwa mwiko, hilo hakuliweza.

Shamsia alipanda Kanazi siku ya mapumziko kuona kwa macho yake. Alikaa jikoni, akaonja, akasifu, akaona sinia na waliolizunguka. Aliporudi aliwaandikia wakuu wa kambi kuomba mgao wa watoto watatu zaidi. Jibu lilikuja haraka: mgao haukutolewa kwa marehemu. Akaandika tena, akaeleza kwamba wale wadogo wawili walipokuwa hai walinyimwa kwa kuwa hawajaandikishwa. Akajibiwa kwamba hilo ni kweli, na kwamba utaratibu ulifuatwa mara zote mbili.

"Umejaribu, mwanangu," Bonifasia alimwambia. "Shika huu mkungu, upeleke kwenu."

Mvua zilianza. Kaneza alikohoa siku mbili akaacha. Siku ya mizani Shamsia alimning'iniza, na safari hii hakuna aliyemvuta miguu. Ndugu zake walisimama mbali, mikono nyuma. Mshale ulishuka, ukaendelea kushuka, ukapita alama ambayo Josiane alikuwa ameikodolea macho bila kupepesa. Utepe wa kupima unene wa mkono ulisoma kijani, rangi ya uzima. Shamsia alimbeba mtoto akamzungusha, Josiane akapiga magoti kwenye tope akilia na kucheka pamoja, na Bonifasia akasema mtoto huyu amekuwa mzito mno, atamvunja mgongo. Akambeba hivyo hivyo hadi Kanazi, kwa njia ndefu, inayopita kwenye nyumba za watu.

Felisiani alikuwa ametangulia. Walipofika walimkuta uwanjani, na nyuma yake watoto wengine waliojaza njia yote ya kushuka bondeni kuelekea makaburi ya kambi. Wote walikuwa wamenawa mikono. Hakuna aliyemsukuma mwenzake.

"Bibi, niliwaambia hapa mtu anashiba," alisema.

Bonifasia aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na umri wa kufika kiunoni pake.

"Nani kakutuma kunialikia wageni?" alifoka, huku tayari akifunga khanga kiunoni. "Matiasi! Nenda kwa jirani, mwambie naomba pipa lake la kupikia pombe. Josiane, mwanangu, mlaze mtoto uje umenye ndizi."

Walipika mpaka jua likaegemea vilima. Wakati wa kupakua, mtoto mmoja alikuja peke yake kutoka bondeni, akitembea kama asiyeijua njia. Alikuwa wa asubuhi ile. Udongo kwenye nywele zake ulikuwa bado mbichi. Bonifasia alimpangusa kichwa kwa pindo la khanga, akamnawisha, akawaambia wenzake wasogee wampe nafasi.