Dreva Haamki Mpaka Aamshwe

Kosa la fundi Cheptoo lilikuwa heshima. Wazee wa kamati ya chama cha maziwa, nje kidogo ya Ndanai, walikuwa wamelalamika kwamba ripoti zake ni Kiingereza kitupu, hawaambulii kitu. Basi safari hii akawaandikia Kiswahili, tena kile cha shuleni, kilichopigwa pasi.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo kwa umbo. Kando ya tangi la kupoza maziwa alikuwa amefunga kikompyuta kisichozidi kipande cha sabuni, kazi yake kusoma kipimajoto na kuwasha mashine ya baridi. Stima ikipotea na kurudi, na pande hizo umeme hupotea kila wingu likikohoa, kikompyuta kiliwaka lakini hakikukiona kipimajoto. Ile programu ndogo ya kuviunganisha viwili hivyo, ambayo mafundi huiita dreva, haikujipakia. Ilingoja Cheptoo atoke Siongiroi kwa pikipiki aje kuiamsha kwa mkono. Mara mbili alichelewa, na mara mbili maziwa ya watu yakamwagwa mtaroni.

Ndipo akaandika: "Dreva wa sasa hulala kila stima ikipotea, wala haamki mpaka aamshwe. Maziwa yameharibika kwa sababu yake. Atolewe, awekwe mwingine anayeamka mwenyewe." Akaisoma tena, akaipenda sarufi yake, akaipeleka Alhamisi.

Ijumaa alishinda na kikompyuta. Kipimajoto kile cha bei rahisi kilikuwa kikijitambulisha kwa jina lisilo lake, kwa hiyo kikompyuta kilipoamka kiliita dreva ambaye hakuhusika. Cheptoo akaweka dreva mwingine na kuandika jina sahihi kwenye orodha ya wanaoitwa. Akazima stima ukutani, akawasha. Kipimajoto kikasomeka. Akarudia mara saba, kikasomeka mara saba. Akacheka peke yake kwa furaha.

Jumatatu stima ilipotea mara tatu, hakuitwa. Jumanne akapita kuangalia, akakuta lori la maziwa lina mtu mgeni kwenye usukani, anaitwa Robert.

"Sagini ako wapi?"

"Si mlimfuta? Ati analala kazini."

Cheptoo akakimbilia kwa kamati. Sagini alikuwa ameliendesha lori lile miaka kumi na mmoja tangu atoke Kisii, akiishi na mkewe Nyabate na mwana wao Kebaso kwenye nyumba ya chama, na hakuna asubuhi hata moja aliyochelewa.

Alimkuta mwenyekiti, mzee Kimeli, ofisini.

"Mzee, dreva niliyemwandika si mtu. Ni programu."

Kimeli akafungua faili, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa umesema haamki mpaka aamshwe. Programu inalala wapi, msichana wangu?"

"Ni lugha tu, mzee. Sagini hana makosa. Mrudisheni."

"Sasa nikuulize. Tangu huyo mtu aende, mashine yako imelala?"

"Hapana, lakini ni mimi niliitengeneza..."

"Imelala ama haijalala?"

"Haijalala."

"Basi." Akafunga faili. "Kamati imepitisha na muhuri umepigwa. Wewe ulisema ukweli, usiogope."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini za kamati hupigwa muhuri. Cheptoo akatoka na hasira isiyo na wa kumwagiwa, maana mwandishi alikuwa yeye.

Kwa Sagini alikuta vyombo nje. Nyabate aliendelea kufunga mizigo. Sagini alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa upande, kama anayesikiliza injini.

"Kwa hivyo ni huyo mwingine alikuwa analala."

"Ndiyo. Nisamehe, Baba Kebaso."

Hakumtukana, na hilo lilimuumiza Cheptoo kuliko tusi. "Nimeuliza kazi Sotik, nimeuliza Chebunyo," akasema. "Wote washasikia nalala. Hiyo habari inafika mbele yangu." Akampa kalamu. "Niandikie barua ya kusema silali. Wewe ukiandika wanaamini."

Cheptoo akaketi, karatasi gotini. Akaandika "Dreva Sagini," akalikata neno la kwanza, akaliandika tena, akalikata. Hakupata jingine. Nyabate akamwambia ainuke, gari la mizigo limefika, naye Cheptoo alikuwa ameketi juu ya godoro lao.