Mikuki Katika Nyumba ya Kondo

Katika Mji wa Mimba palikuwa na sheria ambayo hata Malkia hakuthubutu kuivunja. Askari akifika kizingitini kwa Bibi Kondo huweka mkuki chini na kushika jembe. Wale wale waliochinja watu nje ya ukuta, kwa Kondo walichimba mifereji, damu ikapita, na Mrithi, mtoto wa Malkia aliyelelewa humo ndani, akanywa. Mrithi alikuwa hajajifunza bado kuvuta pumzi. Nusu ya damu yake ilikuwa ya baba, mtu wa ng'ambo, ndiyo maana Kondo alilala mlangoni, askari wasije wakamdhania adui.

Siku moja wezi wachache walipenya lango la chini. Malkia, mwili ukimchemka kwa homa, akaita baraza.

"Niruhusu niingie kila nyumba," akasema Amiri Harara, mkuu wa majeshi.

"Wezi wako lango la chini, Amiri," Kondo akamjibu. "Mbona macho yako yako kwangu?"

"Kwako kuna mgeni anayekula kuliko jeshi zima. Nusu yake hatuijui."

"Nusu nyingine ni huyo uliyempigia magoti sasa hivi."

Mawaziri wakacheka chini kwa chini. Harara hakucheka.

"Bibi, umewageuza askari wangu wakulima. Siku adui akija utampiga kwa jembe?"

"Nikikosa mkuki, nitampiga kwa jembe. Wewe ukikosa adui utampiga nani?"

Malkia alijifuta jasho. Aliogopa. "Fanya linalofaa, Amiri. Ila mwanangu asiguswe."

"Hataguswa," akasema Harara, huku akikaza mkanda.

Lango la chini Harara na askari wake hawakulifikia. Walikwenda moja kwa moja kwa Kondo, na wachimbaji wakatupa majembe wakaokota mikuki yao. Wa kwanza kumchoma ni kijana aliyezoea kumwita mama. Alimchoma ubavuni, akazungusha.

"Mwanangu, mfereji huo uliuchimba wewe," Kondo akamwambia.

Kijana akaukata. Damu ikafurika vyumbani, ikafika magotini. Kondo akaukumbatia mlango, wakamkata vidole. Ngoma za vita zikalia, kuta zikajikunja na kusukuma, makomeo ya lango la chini yakalainika kama nta. Mrithi akatupwa nje. Kondo naye akang'olewa ukutani, akaburutwa nyuma yake kwa kamba iliyowaunganisha.

Akiwa chini, akifa, Kondo alimwona Malkia amempakata mtoto wa kiganja kimoja. Kifua kilibonyea, hakikuinuka.

Harara akaja, amelowa damu hadi viwikoni. "Malkia, Mji uko salama."

"Mfundishe kupumua," Malkia akasema.

"Malkia?"

"Aliyekuwa akimpumulia umemuua. Shika zamu yake. Mfundishe."

Kondo akamtazama Amiri. Harara aliutazama mkuki wake, akauhamishia mkono wa pili, akaurudisha. Kazi nyingine hakuijua.