Sahani Hairudi Tupu

Zaruhi aliiosha sahani ya jirani yake Badriya mara mbili, akaifuta, akaitazama. Ilikuwa nyeupe, ukingo wake wa buluu, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili angeirudisha bila kitu.

Alikuwa Muarmenia wa Beirut, mchoraji wa vigae kama baba yake, na kama bibi yake kabla ya baba. Katika ukoo wao maua hayakuchorwa kwa mkono mtupu. Yalitobolewa kwa sindano kwenye karatasi, karatasi ikalazwa juu ya kigae na kupakwa vumbi la mkaa. Vumbi likapenya vitobo, na ua likabaki chini likingoja brashi. Karatasi ikichakaa, ilitobolewa nyingine kwa kuifuata. Hivyo ndivyo ua la bibi lilivyotoka Kutahya, Uturuki, enzi za mauaji ya Waarmenia, limeshonewa ndani ya bitana ya koti, likafika Beirut likiwa zima kuliko wengi waliotoka nalo.

Sasa ulikuwa mwaka wa 1976, na Beirut ilikuwa ikiungua. Siku tatu nyuma msafiri alimletea Jeddah ujumbe wa kaka yake: yeye ni mzima, lakini karakana imeteketea, pamoja na kasha lenye karatasi zote za vitobo. Zaruhi alimshukuru Mungu kwa kaka, kisha akaketi kulichora ua kwa kumbukumbu. Alilichora mara thelathini. Kila mara lilitoka zuri, uzuri wa maiti aliyekafiniwa vyema. Na huko Riyadh, mtaa wa Malaz, ukuta wa hospitali mpya ulikuwa ukilingoja ua hilohilo. Mhandisi alimpa wiki tatu, la sivyo vigae vingeagizwa kiwandani ng'ambo. Kazi ikienda, na ikama, kibali cha kuishi, imekwenda. Wala hakuwa na mji wa kurudi.

Akavuka ukumbi wa ngazi, akabisha mlango wa jirani.

"Leo naileta tupu, Bi Badriya. Unisamehe. Nimekuja kuaga."

"Mtu haagi wima, shoga," Badriya alisema, akimvuta ndani kwa kiwiko. "Kaa kwanza. Ukishakaa, utaniambia upuuzi wako."

Kiarabu cha Beirut na Kiarabu cha Unguja vilikuwa vimezoeana kwenye zulia lile. Zaruhi akasimulia yote. Badriya, aliposikia habari ya kasha, aliinamisha kichwa, kama anayepewa mkono wa tanzia.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Muhsin, mume wa Badriya, karani wa bandarini, akitoka kwenye sala ya Ijumaa.

"Mnanuna nini? Meli bado zimepanga foleni pale nje, zimejaa saruji tele. Wallahi, ikigandia humohumo, tutavuka bahari hadi Port Sudan kwa miguu!"

Hakuna aliyecheka. Akavua kofia yake mpya, akaitundika kwenye msumari wa dirisha, akaenda kunawa.

Jua la Jeddah likapita ndani ya vitobo vya kofia. Ukutani, karibu na bega la Badriya, yakatokea maua ya nukta za mwanga.

Zaruhi alisimama. Lilikuwa ua la bibi.

"Kofia hii," alisema. "Mfano wake umeupata wapi?"

"Si kwako! Sahani ya kwanza niliyokuletea, ilirudi na karatasi ya vitobo. Nikasema, kumbe hata Waarmenia hushona kofia! Mwaka na miezi nimeishona. Leo ndiyo ameivaa mara ya kwanza."

Zaruhi akakumbuka. Alikuwa mgeni, jikoni hamna hata tende, na alikwisha kuambiwa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Akaweka nakala moja iliyochakaa, yenye pembe iliyochanika, kama mtu anavyoweka ua.

"Na hiyo karatasi?"

"Iliisha kwa sindano zangu, shoga. Halas. Pembeni palichanika, nikajitilia asumini. Niliona haya kukuambia kazi yako ina tundu."

Badriya aliitungua kofia, akatafuta mkasi. Zaruhi alipoelewa, alimshika mkono.

"Usifanye! Mwaka mzima!"

"Ikiwa duara utailazaje juu ya karatasi?" Badriya alimtazama. "Mimi Unguja niliacha nyumba wazi na chungu mekoni. Hii ni kofia tu. Uzi ninao."

Mkasi ukalia, mshono baada ya mshono, mpaka kofia ikalala zuliani kama barua iliyofunguliwa. Muhsin alirudi mikono ikichuruzika maji, akaiinamia kofia yake.

"Haya," alisema. "Kichwa changu kimekuwa ramani ya hospitali. Mniwekee angalau kitanda cha dirishani."

Hapo Zaruhi akacheka, na kicheko kikamtoa machozi ambayo habari ya kasha haikuyatoa.

Aliilaza kofia juu ya karatasi mpya, akaipaka vumbi la mkaa, kisha akazitoboa alama usiku na mchana. Alipofika pembeni, sindano ilisita. Asumini haikuwa ya bibi. Zamani angeifuta bila kufikiri, kwani alijiona mlinzi wa mlango, na mlinzi haruhusu mgeni. Lakini mgeni huyu ndiye aliyelihifadhi ua wakati walinzi wote hawapo. Akatoboa asumini, kitobo kwa kitobo.

Vigae vilifika Riyadh siku mbili kabla ya muda. Mhandisi alipitisha kidole kwenye pembe ya ukuta.

"Na hili ua dogo, ni la kwenu?"

"Ndiyo," Zaruhi alijibu, na jibu lenyewe likamshangaza. "La kwetu."

Aliporudi Jeddah, kofia ilikuwa imekwisha kushonwa upya, ila vumbi la mkaa lilikuwa limekaa ndani ya vitobo, kijivu chepesi kisichotaka kutoka. Badriya alisema hataifua. Muhsin alikwenda nayo msikitini vivyo hivyo.

Na Ijumaa hiyo sahani ikaja tena, mkate wa kumimina bado moto. Zaruhi aliula wote, akaiosha sahani, akaiweka mezani karibu na sindano zake, akaanza kufikiri.