Kelele Haiue Muntu

"Kelele haiue muntu," chef Urbain, msimamizi mpya, alisema, na mkono ulikuwa umeshanyooshwa. "Tosha ile kaske, mama. Leta hapa."

Ati kelele haiui mtu! Na alikuwa akiyasema haya wapi? Ndani ya kiwanda cha kupasua mbao, Likasi, mbele ya msumeno mpana kuliko meza ya harusi, na msumeno wenyewe ulikuwa umezimwa kwanza ili yeye bwana mkubwa asikike. Kuna watu hawana haya hata chembe.

Aliyeambiwa avue ni Fidélie, mwanamke anayesimama nyuma ya msumeno, anayepokea mbao zikitoka kwenye meno na kuzipanga. Mbele ya msumeno husimama Bertin, kijana mrefu mwenye mkono kwenye mpini wa kigari kinachobeba gogo. Bertin asipouvuta mpini, gogo haliendi popote. Wawili hao ndio kiwanda, wengine wote ni wa kubeba na kufagia.

Na kaske yenyewe usidhani ni kofia ya pikipiki. Ni vikombe viwili vinene vinavyoyafunika masikio, vimeunganishwa kwa utepe unaopita utosini. Ukivaa, yowe la msumeno linakuwa kama nyuki aliye chumba cha jirani. Ndani yake mna radio ndogo, unasikia muziki wa karindula, unasikia matangazo ya vifo. Tena mbele ya mdomo kuna kijiti cha kusemea: Bertin akinong'ona kule mbele, Fidélie anamsikia huku nyuma kana kwamba wanakula sahani moja. Zilikuwa mbili tu. Fundi mmoja mzungu alimwachia Bertin siku askari walipopora mji, akakimbilia Zambia na shati alilovaa tu. Mapile yake, betri zile ndogo, yakichoka, Bertin huyaanika juu ya mabati, yanaota jua mpaka yanapata nguvu tena.

Usiniambie ni starehe. Siku moja walikuwa wakipasua kalitusi la zamani, kumbe ndani yake kuna msumari uliomezwa na mti miaka mingi. Bertin akaona cheche, akasema kwenye kijiti, kama anavyomwita dada mkubwa, "Yaya, rudia nyuma!" Fidélie akaruka. Kipande cha jino la msumeno kikapita pale pale shingo yake ilipokuwa. Sasa niambie, bila kaske angemwita kwa filimbi?

Lakini Urbain hakuwa na habari na hayo. Alikuwa mpwa wa mwenye kiwanda, ameletwa kutoka Lubumbashi na viatu vyake vya ncha baada ya chef wa zamani kupandishwa treni kwa nguvu pamoja na wenzake wote, kosa lao kuwa Bakasai, watu wenye asili ya Kasai, aibu ambayo mji huu haujaimaliza mpaka leo.

"Hapa haiko bar," Urbain alisema. "Bakliya banakuya kununua mbao, banakuta mama iko natikisa kichwa na muziki. Sérieux? Bertin, na weye leta yako."

"Chef, na tutaongea namna gani?" Fidélie aliuliza. "Na masikio yangu je?"

"Mutaongea na mikono, sawa bazee ba zamani."

"Bale bazee beko wapi leo? Papa yangu njo muzee wa zamani. Enda umuite kwa jina, uone kama ataitika."

Wabebaji wakacheka. Urbain hakupenda. Alisema kule nje watu ni wengi wanatafuta kazi, na yeye hambembelezi mtu. Fidélie aliufikiria mfuko wa unga ambao kiwanda kilikuwa kikitoa badala ya mshahara, akaivua kaske, akaiweka kwenye ule mkono laini.

Wakafanya kazi. Zamani kiwanda kilikuwa kikipasua miti ya kushikilia mashimo ya mgodi, siku hizi migodi imelala, ni mbao za masanduku ya maiti tu. Siku hiyo gogo lilikuwa la mubanga, na mubanga ukiingia kwenye meno unalia mpaka fizi zinauma. Fidélie alijaza pamba ya godoro masikioni, ikawa kazi bure. Saa ya kupumzika akapita karibu na dirisha la ofisi. Unajua alichokiona? Chef Urbain, kiti kimeegemezwa ukutani, kaske shingoni, kiatu cha ncha kinapiga sakafu kufuata karindula. Ile nyingine ilikuwa imetundikwa kwenye msumari kama kofia ya mgeni. Ehe! Kumbe muziki ulikuwa mbaya kwa wanaotoka jasho tu.

Sasa nikupeleke nyumbani kwa Fidélie, maana huko ndiko jambo lilikoiva.

Nyumba ile huongea kwa mikono. Baba yake, mzee Symphorien, alisimama mbele ya msumeno huo huo tangu ujana wake mpaka siku aliposhindwa kusikia kengele ya kanisa akiwa chini yake. Hakuzaliwa kiziwi, msumeno ndio uliomla masikio. Hakujua alama za viziwi wa shule, alijua zile za kiwandani tu, basi familia nzima ikazileta mezani. Kidole gumba kikisugua kifua, hiyo ni mbao safi isiyo na fundo: ndivyo wanavyosifu sombe, kisamvu, iliyoiva. Kiganja kikipita shingoni, kata moto, zima msumeno: ndivyo wanavyomnyamazisha anayebishana. Na viganja vikipanguswa kimoja kwa kingine mara moja, maana yake gogo hili limeoza, liache, halifai kusumbukia.

Jioni ile Bénie, binti mdogo wa Fidélie, alirudi na hadithi ya shule. Bénie akisimulia, anasimulia na miguu pia. Kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na mwalimu, mbuzi amefanya nini sijui. Fidélie alikuwa akisonga bukari, ugali wa huko, na kichwani mwake mubanga ulikuwa bado unalia.

"Nini?" aliuliza.

Mtoto akaanza tena kwa sauti kubwa zaidi.

"Nini, mama? Mbuzi alifanya nini?"

Bénie akamtazama. Akashusha pumzi, akapangusa viganja vyake kimoja kwa kingine. Gogo limeoza, liache. Kisha akatoka kwenda kucheza.

Hakuwa na ubaya, mtoto wa watu. Ndivyo alivyozoea kumfanyia babu yake akichoka kurudia. Lakini Fidélie alibaki na mwiko mkononi, na machozi yakamtoka pale pale mbele ya sufuria. Alikuwa ameapa hatafika huko. Babu mtu hajawahi kuisikia sauti ya Bénie hata mara moja, hajui kama ni nyembamba au nzito. Na yeye sasa anasukumwa kwenye kiti kile kile.

Mzee Symphorien aliyaona yote kutoka kwenye mkeka. Kiziwi huibiwa masikio, si macho. Akamuuliza kwa mikono: kaske yako iko wapi? Fidélie akamweleza, mpaka na ile sentensi ya chef akaisema kwa mdomo taratibu ili mzee aisome. Mzee akacheka, lakini kicheko kibaya.

"BACHEF BA KWANGU BALISEMA VILE VILE!" alipiga kelele, maana hajui tena kupima sauti yake. "MANENO YALE YALE!"

Asubuhi, Fidélie akichukua kitambaa chake cha kichwa, alimkuta baba yake mlangoni amevaa koti lake la zamani la kazi, lililotoboka viwiko.

Waliingia kiwandani pamoja. Maseremala wa masanduku walikuwa tayari uani wakingoja mbao. Bertin alikuwa amepakia gogo la mubanga kwenye kigari. Fidélie akaenda mpaka mlango wa ofisi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Chef, bila kaske miye sitapokea hata lubao moja leo. Na kama unanifukuza, unifukuze mbele ya bantu."

Urbain alitoka, kaske shingoni bado. Alifungua mdomo kumfukuza, ndipo akamwona Symphorien. Mzee alikuwa amepanda kwenye kigari, ameketi juu ya gogo kama mtu aliye uani kwake, miguu inaning'inia.

"Papa, shuka pale!"

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa karanga.

"Vié! Muzee! Niko nakuambia shuka! Utashuka ao nitaita basoda?"

Mzee akamenya karanga. Urbain akasogea, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akaita majina, akataja mjomba wake, akataja sheria. Vyote vilimpita mzee vikaenda zake. Seremala mmoja akashindwa kujizuia. "Chef, unajichosha bure," alisema. "Msumeno wenu njo ulimufanya kiziwi. Leo anabasikiliza vizuri."

Uani wote wakaangua kicheko, na hapo Urbain akapandwa na wazimu. Akakimbilia kwenye swichi. Alifikiri mzee akiona meno yale yanazunguka atakimbia.

"Chef, hapana!" Bertin alisema, akauachia mpini, akafunga mikono kifuani. Gogo lisingesogea hata kidogo, na Urbain alilijua hilo kama wengine.

Akawasha.

Yowe likajaa kiwanda. Wabebaji wakaziba masikio, maseremala wakarudi nyuma, mmoja akaangusha kofia yake. Fidélie naye aliziba. Ni mmoja tu ambaye hakushtuka, Symphorien, juu ya gogo, anatafuna karanga, anautazama ule msumeno kama unavyomtazama mtu aliyekuibia zamani na sasa hana kingine cha kukuibia.

Na chef Urbain? Aliyesema kelele haiui mtu? Kabla hata mkono haujatoka vizuri kwenye swichi, aliinyakua kaske shingoni mwake, akajivika masikioni.

Wote walimwona. Alipowaona wanamtazama, akajua wameona.

Fidélie akaondoa viganja masikioni. Iliuma, tena iliuma vibaya, lakini alitembea ndani ya ile kelele wima, mikono chini, mpaka akafika mbele ya Urbain. Akainua mikono yote miwili, akaivua kaske kutoka kichwani mwa yule bwana kama unavyomvua mtoto kofia yako aliyoivaa bila ruhusa. Urbain alitaka kuishika. Lakini msumeno ulimwingia masikioni, na mikono yake yote miwili ikaruka kuyaziba, ikagandia huko. Kama angetoa hata mmoja kunyang'anya, angeisikia kelele ambayo haiui mtu. Hakutoa. Alisimama hivyo hivyo, viwiko nje, midomo imekunjamana, na Fidélie akajivika kaske yake mbele ya uso wake bila haraka.

Kisha akamgeukia baba yake, akapitisha kiganja shingoni, halafu akaunyoosha mkono mwenyewe kwenye swichi, akakata moto.

Sasa hata karanga ya mzee ilisikika ikipasuka. Symphorien akashuka kwenye kigari polepole, akisaidiwa na Bertin. Akapita karibu na Urbain, ambaye mikono yake ilikuwa bado masikioni, akasimama, akamwinamia.

"CHEF!" alisema kwa ile sauti yake isiyo na kipimo, wakasikia mpaka wauza mkaa wa ng'ambo ya barabara. "KELELE HAIUE MUNTU!"

Urbain aliingia ofisini akafunga mlango. Ukafunguliwa tena, maana Bertin alikuwa nyuma yake. Kijana aliingia bila kubisha, akaitungua ile kaske ya pili msumarini, akatoka nayo imeshakaa kichwani. Hakuna aliyemzuia. Mbao zilikuwa zinangojwa, na Urbain hakujua hata gogo linawekwaje kwenye kigari.

Fidélie alirudi mahali pake nyuma ya msumeno. Mzee wake, pale langoni, aligeuka akamuuliza kwa mikono kama kuna muziki ndani. Akasikiliza. Mapile yalikuwa yamechoka kwa starehe za ofisini, karindula ilikuwa mbali na inakwaruza. Hata hivyo akasugua kidole gumba kifuani: mbao safi, haina fundo. Mzee akaondoka akiyumba kwa kicheko. Jioni hiyo Bénie angeulizwa upya habari za mbuzi, toka mwanzo, na angezisema zote.

"Yaya," sauti ya Bertin ikasema taratibu masikioni mwake, "uko nasikia?"

"Niko nasikia," Fidélie alijibu. "Washa."