Maua ya Kando ya Zizi

Bibi Ruthu hakutaka kusikia kwamba haoni, na ole wake mkwe ambaye angethubutu kumwambia. Ukungu ulimwingia machoni tangu mvua za mwaka jana, lakini kila asubuhi alikwenda mwenyewe kando ya zizi, akachuma maua ya maboga kwa kupapasa, akayaanika kwenye ungo na kuyatwanga pamoja na majani ya mlenda. Nzuguni nzima ilisifu mboga yake. Harufu ndiyo hakuisikia kabisa, ugoro ulishaiua pua yake zamani.

Paulina, mke wa mwanawe Gideoni, aliyaona hayo yote akanyamaza. Mkwe mwenye adabu atamwambiaje mama mkwe kwamba ni kipofu? Lakini adabu nyingine, jamani, huchimba kaburi.

Jumapili hiyo alikwenda zizini kuokota kuni, akasimama ghafla. Maua ya maboga yalikuwa yamenyaukia kwenye mashina yao, hakuna hata moja lililochumwa. Pembeni palikuwa na mnanaha, ule mmea wa maua meupe marefu unaompagawisha mtu na hata kumuua. Ulibaki vikonyo vitupu, vilivyokatwa kwa ukucha.

Alizitupa kuni akakimbia. Jikoni chungu kilikuwa kinatokota, Gideoni ameshanawa, ugali unafuka moshi. Hata hivyo ulimi ulikataa kumwaibisha mama mbele ya mwanawe. Alijikwaa makusudi. Chungu kikabingirika, mlenda wote ukamwagikia majivuni.

"Mikono yako nayo ya mlenda!" Bibi Ruthu alifoka, kisha akacheka. "Haya, usilie mwanangu. Tutakula na maziwa. Unga wa mlenda uliobaki nilimpelekea mdogo wake Gideoni, Nathanaeli, kule Mvumi, kopo zima. Mkewe amejifungua, anahitaji mboga."

Paulina alitoka uani na simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akapokea Anna, binti mkubwa wa Nathanaeli.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yuko wapi? Mmekula nini?"

"Wamekula mlenda wa bibi. Mimi siupendi." Mtoto alicheka. "Baba amelala, haamki. Mama anaongea na ukuta, eti ukuta umpokee mtoto."

Nyuma ya Paulina, Bibi Ruthu alikuwa amesimama mlangoni, uso ameuelekeza upande ambao hapakuwa na mtu.

"Ni wao?" aliuliza kwa furaha. "Wanasemaje, wameupenda?"