Kiu ya Kuku

Ugonjwa wa mdondo ulishafagia banda la jirani, kuku wote chali. Fundi cherehani akawanyima kuku wake maji tangu alfajiri, ili akishachanganya chanjo kwenye maji waigombanie. Chanjo yenyewe ikishachanganywa, ikipitisha saa mbili haina kazi tena, ni ya kumwaga.

Akaweka beseni. Hakusogea hata mmoja. Saa nzima ikapita, jogoo anajikuna tu.

"Mama, nani kawapa maji?"

Mama mkwe hakupepesa macho. "Mimi. Ulitaka wafe na kiu, na bomba lipo?"

Fundi akaeleza habari ya chanjo kwa kifupi, kisha akafungua banda na kuanza kuwakimbiza kuku uani, jua kali, vumbi na manyoya juu. Mama mkwe akakaza khanga kiunoni, akashika ufagio, naye akaingia mbioni.

Zilibaki dakika kumi. Kuku walihema midomo wazi, na mama mkwe vilevile. Akapiga magoti, akamsogezea jogoo beseni.

"Kunywa, baba," akamnong'oneza. "Usiniaibishe mbele ya mkwe wangu."