Kilo Tisini na Nne za Kumuaga Immakulata

Ilisikika kabla ya kuonekana. Ilivuma kama nyuki waliohama mzinga, na watu zaidi ya mia waliokusanyika kwenye uwanja wa Kibondo wakanyamaza, wakainua nyuso zao mawinguni. Sylvesta peke yake hakuinua wake. Macho yake yalikuwa kwenye moshi wa majani mabichi aliouwasha mwenyewe. Moshi ulilala kuelekea magharibi. Vizuri.

"Ng'ombe wa nani wale?" alifoka. "Watoeni! Ndege haina honi!"

Sylvesta alikuwa mpima asali wa chama cha ushirika. Kwa miaka sita hakuna debe la asali wala pande la nta lililopita pale bila kukanyaga mizani yake. Na kwa sababu mizani hiyo iliaminika, boma lilimpa na kazi ya uwanja: kufyeka nyasi, kufukia mashimo ya muhanga, kuwasha moshi wa kuonyesha upepo, na kupima kila kinachopanda. Watu walimwita Bwana Uwanja, wengine kwa heshima, wengine kwa kumchokoza, naye aliitikia wote kwa kidevu kilichoinuka.

Siku hiyo kidevu kilikuwa kifuani. Kando ya uwanja, juu ya ngobyi, ile machela ya kusukwa ambayo Waha hubebea wagonjwa, alilala dada yake Immakulata. Ilikuwa siku ya tatu ya uchungu. Mtoto alikuwa amekaa mkingamo, na mganga wa serikali alikuwa amesema bila kuzungusha maneno: asipopasuliwa kabla ya jua kuzama, tutazika wawili. Mpasuaji alikuwa Kasulu. Barabara ya Kasulu ilikuwa imekatwa na masika ya mwaka ule wa sabini na sita. Daraja lilikwenda na maji. Ilibaki ndege iliyokuwa inaleta dawa za chanjo. Boma liliita kwa redio, na ndege ikakubali kurudi na mgonjwa.

Ikatokea juu ya mikaratusi, nyeupe, ndogo kama kunguru, kisha kama mbuzi, kisha kubwa kuliko nyumba ya mwalimu mkuu. Ikagusa nyasi, ikaruka kidogo, ikagusa tena. Sylvesta alikuwa ameiona ikitua mara tisa, na kila mara alishangaa vilevile. Yeye aliujua uzito. Aliwahi kuona lori la ushirika likilia kama mtu aliyefiwa kwenye kilima kidogo tu, limebeba asali. Sasa hiki chuma, chenye mafuta na watu na mizigo, kilikanyaga nini kule juu? Kilisimama juu ya kitu gani? Rubani alikuwa amemweleza habari za upepo na mabawa, naye alielewa maneno yote, na bado hakuelewa.

Rubani huyo aliitwa Philemon, mtu wa Upare, mwembamba, asiyependa kelele. Aliteremka akapeana mkono na Sylvesta kama fundi na fundi.

"Bwana Uwanja, shusha vya nyuma kwanza."

"Nakumbuka, mzee. Mkia usibaki na mzigo pua ikiwa tupu."

"Mkia ukizidiwa inakuwaje?"

"Pua inakwenda juu. Rubani anasukuma usukani, pua haishuki. Halafu mnashuka wote, ila si kwa kupenda."

Philemon alicheka kidogo. Hayo aliyafundisha yeye. Alikuwa amemfundisha pia kuchungulia mguu wa gurudumu la mbele. Mguu ule una bomba linalong'aa kama kijiko kipya, linaloingia na kutoka ndani ya bomba jingine. Bomba likionekana vidole vitatu, mzigo umekaa vizuri. Likichomoza sana, mkia umelemewa na pua imekuwa nyepesi.

Masanduku ya chanjo yakashuka, barafu ikitiririka. Mizani ikasogezwa. Immakulata na ngobyi yake: kilo sabini na moja. Alifumbua macho akamwona kaka yake ameinama juu ya mshale wa mizani.

"Kaka, unanipima kama asali?"

"Asali haisemi. Nyamaza, Imma. Unakwenda angani."

"Naogopa."

"Na mimi ningeogopa," alisema, na huo ulikuwa ukweli ambao hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

Nesi Stumai, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa Kibondo mwaka mmoja kabla, alipima hamsini na nane. Kisha akapanda mama mkwe wa Immakulata, Maximilla, aliyechaguliwa na ukoo kumsindikiza. Mshale ukakimbia hadi themanini na tatu.

"Mizani yako ina wivu, mwana wa Ntirampeba," Maximilla alisema. "Inaona mwanamke aliyelishwa vizuri na mumewe."

Watu wakacheka, hata Bazilio, mume wa Immakulata, ambaye hakuwa amecheka kwa siku tatu. Philemon aliandika kwa penseli juu ya goti, akajumlisha, akajumlisha tena. "Kwa nyasi mbichi na uwanja huu ulioko mlimani, tunatosha. Zaidi ya hapo, hapana. Twende tukatazame ardhi."

Wakaupima uwanja kwa hatua, mwisho hadi mwisho, wakikanyaga kila penye maji. Mahali pawili Sylvesta alipiga magoti akaweka nyasi kavu kwenye matope. Waliporudi, mgonjwa alikuwa amekwisha kulazwa ndani, Stumai ameshika chupa ya maji ya mshipa, Maximilla amefungwa mkanda na rozari mkononi. Mawingu ya upande wa Kasulu yalikuwa yameanza kushikana. Philemon akapanda haraka.

Sylvesta akafanya mzunguko wa mwisho. Bawa. Tairi. Bawa. Akachungulia mguu wa mbele.

Bomba lilikuwa limechomoza kiganja kizima.

Akatazama tena, akaweka vidole. Kiganja kizima. Akaenda nyuma, akagusa mkia kwa mkono mmoja, akaukandamiza kama mtu anayejaribu ulaini wa kitanda. Ukashuka. Kule mbele gurudumu likaanza kuachia nyasi.

Akakimbia hadi mbele ya pua, akainua mikono akaifanya msalaba juu ya kichwa.

"Kuna nini?" Philemon aliuliza dirishani.

"Usiwashe! Mkia mzito!"

"Hesabu nimeipiga mara mbili."

"Hesabu yako haina kosa, mzee. Ndege ndiyo inayokataa."

Bazilio alikuwa amefika mbio, macho mekundu. "Shemeji, una kichaa? Mawingu yale huyaoni? Utamuua mke wangu kwa sababu ya bomba?"

"Ni dada yangu kabla hajawa mke wako."

"Basi ondoka njiani!"

"Mwondoeni!" watu wakapaza sauti. "Bwana Uwanja anataka aonekane! Leo pia anajidai!"

Mtu akamvuta shati, kola ikachanika. Sylvesta hakusogea. Kama alikosea, alikuwa anamwibia dada yake dakika ambazo hakuna atakayezirudisha. Watasema maisha yake yote kwamba kiburi chake kilimzika Immakulata, nao watakuwa wamesema kweli. Lakini miaka sita ilikuwa imemfundisha jambo moja: mtu hudanganya, uzito haudanganyi.

"Fungueni mlango wa nyuma," alisema.

Philemon aliteremka, akazunguka, akaufungua mwenyewe.

Nyuma ya ngobyi, hadi ndani kabisa ya mkia mahali ambapo hata mwavuli haukutakiwa kuwekwa, ukoo mzima ulikuwa umejaa. Madebe mawili ya asali. Vifurushi vya maharage. Unga wa muhogo ndani ya foronya. Kibuyu cha samli. Samaki wa Malagarasi waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa kwa majani ya mgomba. Kuku jike, miguu imefungwa kwa kamba, alimtazama rubani bila aibu.

"Nilidhani mmewaruhusu," Stumai alisema kwa sauti ndogo. "Walikuja mmoja mmoja, kila mtu na chake, wanapiga magoti, wanaweka, wanaondoka. Nikaona ni kama sala."

"Ni zaidi ya sala," Maximilla alisema akiwa kitini. Hakuona haya hata chembe. "Mwanamke wa kwetu haendi kujifungulia ugenini mikono mitupu. Mikono itakayompokea mtoto ipokee kwanza chakula cha kwao. Ninyi mlipima watu. Zawadi nani aliwaambia ni mzigo?"

Sylvesta alikuwa amekwisha kuanza kushusha. Hakuwa na muda wa mizani. Alinyanyua kila kitu, akakishika pumzi moja, akataja namba, akakiweka chini. Kumi na nane. Kumi na tisa. Saba. Mkono wake uliijua kilo kama ulimi unavyoijua chumvi. Alipomteremsha kuku, jumla ilikuwa tisini na nne.

"Tisini na nne," Philemon alirudia. Alipangusa uso kwa leso. "Ndani ya mkia. Tungefika kwenye ile mikaratusi. Tusingeipita." Akampa Sylvesta mkono tena.

Lakini Maximilla alikuwa amefungua mkanda. "Basi na sisi tunashuka."

"Mama!" Bazilio alipiga kelele.

"Usiniite mama. Wazee wetu walisema nini? Kilichotolewa kwa safari hakirudi kwenye nyumba kilikotoka. Ukikirudisha umemwita msafiri, na msafiri aliyeitwa hivyo harudi kwa miguu yake. Nimwache mkwe wangu aruke huku zawadi zake zinarudi nyumbani? Afadhali afie hapa mikononi mwangu."

Kila mtu pale alilijua hilo tangu utotoni. Waliokuwa wakimtukana Sylvesta sasa walimtazama yeye, kana kwamba aliyegundua uzito ndiye anayejua pa kuupeleka. Immakulata aliguna ndani ya ndege, sauti nyembamba kama ya mtu aliye mbali.

"Hazirudi," Sylvesta alisema.

"Unasema?"

"Nasema hazirudi nyumba yoyote ya Kibondo. Zinakwenda Kasulu, sasa hivi, kwa miguu. Hazitalala hapa hata usiku mmoja." Akainama, akapakata debe la asali, akalisimamisha kichwani. "Mimi wa kwanza."

Bazilio akatazama mawingu, akatazama debe la pili, akalinyanyua. Dada wa Bazilio akatwaa samaki. Mzee mmoja, aliyekuwa amemvuta Sylvesta shati, akaomba apewe kuku.

Maximilla aliwahesabu kwa macho. "Apa."

"Naapa kwa kaburi la Ntirampeba baba yangu. Hata punje moja haitarudi nyuma."

"Basi funga mlango. Mnachelewesha mgonjwa."

Philemon akarudi kitini. Sylvesta, debe kichwani, akachuchumaa mbele ya gurudumu bila kumwaga hata tone. Vidole vitatu. Akanyoosha dole gumba juu, akarudi nyuma.

Injini ikanguruma. Nyasi zikalala chini kama watu wanaosujudu. Ndege ikaanza kwa uzito, ikirusha matope, ikipita moshi, ikipita mawe meupe ya mpaka wa uwanja, na Sylvesta akajikuta anapima kwa mwili wake mwenyewe: sabini na moja, hamsini na nane, themanini na tatu, rubani, mafuta, chuma. Magoti yake yaliubeba wote. Mikaratusi ilikuwa imekaribia mno. Mtu akamwita Mungu kwa Kiha: Imana! Kisha, mahali fulani kati ya hatua moja na nyingine, uzito ule wote ukaondoka duniani. Haukupungua, aliujua kilo kwa kilo, ulikuwa uleule. Dunia ndiyo iliyouachia. Magurudumu matatu yakazunguka hewani yakidondosha maji, yakapita juu ya majani ya mwisho, na sauti ikaanza kugeuka kuwa nyuki.

Machozi yalimtoka Sylvesta mbele ya watu wote, asiyafute, maana mikono ilikuwa imeshika debe.

Waliondoka saa ileile, watu kumi na mmoja kwa mstari. Njiani Sylvesta aliwatungia wimbo wa kukanyagia, nao wakaupokea hadi sauti zikakauka:

*Ndege imebeba mtu, miguu bebeni chungu,*
*Kilichoachwa ni chetu, kitafika kwa mafungu.*

Mvua iliwanyeshea. Penye daraja lililokatika walivushwa kwa mtumbwi, mizigo kwanza, watu baadaye. Habari hawakuwa nazo. Kila waliyemuuliza alikuwa ameiona ndege tu, ikienda. Kijijini Makere waliwapa uji na mahali pa kulala, na hapo Bazilio alikaa macho, mkono juu ya debe lake kama mtu anayelinda mapigo ya moyo. Siku ya tano asubuhi wakaingia Kasulu, nyayo zimepasuka, wakapanda moja kwa moja hadi hospitali.

Maximilla alikuwa ameketi kwenye ngazi za wodi. Aliwaona, asinyanyuke. Alisubiri kila mzigo ushuke mbele yake, akauliza ni wa nani, akajibiwa, akagusa kila kimoja kwa kiganja. Asali ya Bazilio. Samli ya shangazi. Kuku alikuwa amekonda lakini hai. Alipomaliza ndipo akasema, "Yuko hai. Na mtoto yuko hai. Wa kike. Ingieni polepole, mama yake ana mshono."

Bazilio aliangusha fimbo akakimbia ndani. Wengine wakapiga vigelegele vya sauti zilizokauka. Sylvesta alikaa chini kwenye ngazi kwa sababu miguu ilikataa kazi nyingine. Kisha akauliza lile lililomchoma kwa siku tano.

"Mama. Huko juu. Kukoje?"

Maximilla, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akishangaa kitu, alifungua mdomo, akaufunga. Aliiangalia mikono yake mikubwa.

"Nimeiona Malagarasi yote," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini kama ya kanisani. "Yote, mwanangu, imelala kama utumbo wa mbuzi uliomwagwa juu ya jani. Nilitafuta nyumba yangu, nikaona vidoti. Nilitafuta shamba nililolima miaka thelathini, lilikuwa dogo kuliko ukucha. Na kabla ya hayo, ndege ikizunguka ili ipate kimo, niliwaona ninyi mmeshika njia, mstari mwembamba na madebe yanang'aa. Rubani aliinamisha bawa ili nione. Imma alikuwa anaumia, lakini nilimwinua kichwa nikamwambia, tazama, wale kule chini ni ndugu zako."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alianza kuwahesabu."